Mgeni Afike Mlangoni: Kupanga Maelekezo na Mbele ya Nyumba Mji Mkongwe

Papasi anaishi kwa kupotea kwa wageni. Mtu akishuka botini Malindi na begi lake, simu mkononi, akageuka mara mbili papo hapo, papasi keshamjua. Atamfikisha kwako, na kamisheni atakudai wewe mwenye nyumba. Ukitaka kuipunguza gharama hiyo usigombane na papasi, kwani naye anatafuta riziki. Anza na maelekezo unayomtumia mgeni kabla hajapanda boti, kisha uitazame mbele ya nyumba yako kwa macho ya mtu asiyewahi kukanyaga Unguja.

Nasema na wenye nyumba ndogo za wageni, maduka ya vichochoroni na kina mama wanaopika chakula cha wageni majumbani. Hoteli kubwa za ufukweni zina magari ya kupokea watu. Wewe mlango wako uko Kiponda, Hurumzi au Sokomuhogo, gari haliingii, na mzigo hubebwa kichwani au kwa mkokoteni.

Kosa la kwanza katika maelekezo mengi ni kuanza na vichochoro: "pinda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, utaona duka." Kona ya tatu ikimponyoka, yote yaliyobaki hayana maana. Anza na mipaka. Mji Mkongwe si mkubwa. Eneo lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 ni hekta 96 tu. Magharibi na kaskazini ni bahari. Mashariki ni Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi bado tunaiita Creek Road, iliyopita pale ulipokuwa mkono wa bahari uliougawa mji na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Kusini unatokea Vuga na Mnazi Mmoja. Mweleze mgeni hayo kwa sentensi mbili za mwanzo, na umwambie kwamba akikaza upande mmoja, hata vichochoro vikimzungusha, haitapita muda mrefu atatokea kwenye maji au kwenye magari. Hapo atakupigia simu akiwa mahali penye jina. Hofu ikimtoka, hata macho yake huona vizuri zaidi.

Mwaka 1960 Mmarekani Kevin Lynch alitoa kitabu *The Image of the City* baada ya kuwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles jinsi wanavyoibeba miji yao kichwani. Alikuta vitu vya aina tano: njia, kingo, mitaa, makutano na alama. Mji Mkongwe una vyote vitano kwa wingi, isipokuwa njia zake hazimsaidii mgeni, kwa kuwa zinafanana. Kwa hiyo zitegemee kidogo, uyape uzito hayo manne mengine.

Alama ndizo zinazohitaji kuchaguliwa kwa uangalifu. Kinyozi atahama. Duka la vinyago litageuka duka la viungo. Paka aliyelala barazani, ambaye nimemkuta ametajwa katika maelekezo ya nyumba moja, sina la kusema. Hata jengo kubwa si la kuaminiwa moja kwa moja: walioandika "tazama mnara wa saa wa Beit-al-Ajaib" walilazimika kuandika upya baada ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo hilo la Sultani Barghash ilipoporomoka na mnara wake. Chagua kitu kinachoonekana kwa mbali, ambacho mwenyeji yeyote anakijua kwa jina hilo hilo, na ambacho mwakani kitakuwa palepale: Minara Miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, Kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, Hamamni, Ngome Kongwe, soko la Darajani, Mtini pale Mizingani, mnara wa msikiti wa Malindi. Jaws Corner pia inafaa, kwa sababu wazee wa kahawa hawakosekani pale, na mtu wa kuuliza ni bora kuliko jengo.

Kuna alama nyingine ambayo karibu hakuna anayeitumia kwa wageni. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Unguja, hivyo misikiti yetu yote inaelekea kaskazini, na mara nyingi mihrabu hutokeza nje ya ukuta ikaonekana kutoka kichochoroni. Mgeni akijua hilo, ana dira kila mtaa. Mstari mmoja unatosha.

Usimwachie simu kazi yote. Nyumba za mawe za ghorofa mbili tatu zikikabiliana juu ya ujia mwembamba, mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kabla ya kuifikia simu, na kile kidoti cha buluu huruka hadi kichochoro cha pili. Tena ramani ya simu inaweza kumpitisha mtu kwenye ujia unaoishia uani kwa watu. Mwekee alama ya mahali, sawa, lakini iwe ya kumfikisha mtaani. Mita za mwisho zifanye kwa maneno na picha.

Halafu usiandike njia moja. Wageni wako wanatoka sehemu tatu: bandari ya Malindi, Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume kwa teksi au daladala, na mashamba, wakirudi kutoka Nungwi, Jambiani au Paje. Wa bandarini anakuja kwa miguu. Wa teksi atashushwa ukingoni, na dereva atamwachia pale panapomfaa yeye, si wewe. Kwa hiyo chagua mwenyewe pa kushushwa, upaandike kwa Kiswahili ili mgeni amwonyeshe dereva: "Mshushe Darajani upande wa soko" au "Mshushe Vuga." Kisha ueleze kuanzia pale. Kwa nyumba ya Kiponda, anayetoka bandarini unaweza kumwandikia hivi: toka getini, fuata Mizingani bahari ikiwa mkono wako wa kulia, utalipita jengo la Ithnasheri lenye roshani za nakshi, ukifika Mtini ipe bahari mgongo, uingie ndani. Hatua tatu, kila moja ina kitu ambacho hawezi kukikosa. Kuanzia hapo ni picha mbili: ya kona ya mwisho, na ya mlango wako.

Picha ipige kutoka upande anakotokea mgeni, umesimama pale atakaposimama. Watu wengi hupiga mlango uso kwa uso, nakshi na njumu za shaba zote zikionekana. Picha nzuri, ila kichochoroni hakuna anayeuona mlango hivyo. Unaonwa ubavu, kwa mbali, vespa ikiwa imeegeshwa mbele yake. Kusema "mlango wa nakshi" nako hakusaidii, kwani ni mingi. Sema kama una upinde juu kwa mtindo wa Kihindi au kizingiti kilichonyooka kwa mtindo wa Kiarabu, na rangi ya ukuta.

Sasa jina. Umeiita nyumba yako jina la kupendeza la kigeni, na hapo mtaani hakuna anayelijua. Ukiwauliza watoto wa skuli au mzee wa barazani watakutajia nyumba kwa ukoo: kwa Bi Fulani, kwa Maalim Fulani. Andika majina yote mawili, na chini yake sentensi ya Kiswahili ambayo mgeni ataionyesha kwa mtu: "Naomba nielekeze nyumba ya Bi Fulani, nyuma ya msikiti wa mahali fulani." Ongeza namba ya nyumba na jina la njia kama ilivyowekwa katika operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, kwa ajili ya polisi, vifurushi na watu wa umeme. Mgeni mwenyewe ataitumia mara chache.

Na njia unayomchagulia ipite barazani kwa watu, hata ikiwa ndefu kidogo. Njia ya mkato inayopita mbele ya vizingiti ambapo kina mama wamekaa wakisukana si ya kumpitishia mgeni usiku na begi la magurudumu. Majirani wataanza kukuchukia kabla biashara haijachangamka.

Tuje mbele ya nyumba. Kibao kilichobandikwa bapa ukutani hakionekani mpaka mtu amekipita, maana kichochoroni watu hutembea sambamba na ukuta. Kibao kitokeze, kiutazame urefu wa njia, kisomeke pande zote mbili, na kiwe juu kiasi cha kumpisha hamali mwenye mzigo kichwani. Andika jina tu, kwa herufi nene. Yale mengine, teksi, ziara ya viungo, kufuliwa nguo, juisi, intaneti, hayamsaidii mtu anayetafuta mlango. Yanamchelewesha. Nimeona mbao zenye habari nyingi hivi kwamba jina la nyumba lilipaswa kutafutwa katikati yake.

Kabla ya kutoboa ukuta pita Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, uombe kibali. Tundu baya kwenye lipu ya chokaa huingiza maji ya masika ndani ya jiwe, na kuliziba kwa saruji ni kuongeza tatizo, kwa sababu saruji huufungia unyevu ndani. Mlango wa nakshi usiupige msumari hata mmoja.

Taa fikiria mapema. Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila umeme, na hadi leo ukikatika usiku vichochoro huwa giza totoro. Taa ndogo ya sola juu ya kibao inatosha. Na mgeni mwambie kabisa aje na tochi.

Ndani ya ukumbi, simama mlangoni uone jicho linaangukia wapi. Linapaswa kumwangukia mtu wa kumpokea, au kiti na maji ya kunywa, halafu ngazi. Kama linaangukia kwenye rafu ya vipeperushi vya safari za pomboo wa Kizimkazi, umeanza kuuza kabla hujakaribisha. Vipeperushi vihamishie pale mtu anapokaa kunywa chai. Atavisoma kwa raha zake, na huenda akanunua.

Ramani ya ukutani ina siri moja. Ibandike ili upande wake wa juu uwe ndio upande ulio mbele ya anayeisoma. Akisimama akitazama baharini, bahari iwe juu kwenye ramani, hata kama kaskazini itaangukia pembeni. Ramani nyingi hutundikwa pale penye nafasi, mtu akalazimika kuigeuza kichwani, kisha akatoka mlangoni akapinda kulia badala ya kushoto. Weka doa jekundu penye nyumba, na mahali sita au saba tu: Darajani, Forodhani, bandari, hospitali ya Mnazi Mmoja, mashine ya fedha iliyo karibu, kituo cha daladala. Waingereza walioweka ramani za mitaani za Legible London walifuata kanuni hiyo hiyo ya kuigeuza ramani kulingana na upande anaotazama msomaji.

Kwa anayekwenda mashambani, namba ya daladala ina thamani kuliko ramani. 116 ni ya Nungwi, 117 ya Kiwengwa, 309 ya Jambiani, 310 ya Makunduchi. Ziandike kubwa, na kituo cha kupandia ukithibitishe kila msimu kwa utingo mwenyewe, kwani vituo huhamishwa. Saa nazo zitakutia matatani usipoangalia: ukimwambia mgeni boti linaondoka saa moja, atakwenda kulala hadi adhuhuri. Andika kama ilivyo kwenye tiketi yake.

Ukimaliza, mtafute ndugu wa shamba, wa Makunduchi au Mkokotoni, asiyeujua mtaa wako. Mpe karatasi, mshushe Darajani, umkataze kuuliza mtu. Mfuate kwa nyuma bila kumsemesha, na kila anaposimama weka alama kwenye nakala yako. Pale aliposimama akatazama huku na huku, sentensi imekosea, au picha imepigwa upande usio wake. Rekebisha hapo tu; pengine pasipo na tatizo paache. Rudia usiku baada ya Isha, maduka yakishafungwa, maana mtaa wenye milango ya maduka wazi na mtaa uleule milango ikiwa imefungwa ni mitaa miwili.

Kwenye kona ya karatasi andika mwezi na mwaka. Msimu mpya unapokaribia, baada ya masika, ipitie njia nzima kwa miguu, na nakala za zamani uzitoe ukumbini na kwenye simu ya kila mfanyakazi anayejibu wageni.