Mgonjwa wa kisukari, usingoje macho yafifie

Wagonjwa wengi wa kisukari husema, "Mimi naona vizuri, nikapime macho ya nini?" Hapo ndipo penye hatari. Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mishipa hiyo huvuja taratibu bila maumivu, na mgonjwa huendelea kuona vizuri mpaka madhara yawe makubwa.

Mwenye kisukari cha aina ya pili apimwe macho mara tu ugonjwa unapogundulika, kisha kila mwaka. Mjamzito mwenye kisukari apimwe mimba ikiwa changa. Kusoma herufi za ukutani hakutoshi. Mtaalamu atakutia matone ya kupanua mboni ili aone nyuma ya jicho. Utaona ukungu kwa saa kadhaa, hivyo nenda na mtu wa kukuongoza.

Usiahirishe kwa sababu ya Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa matone ya macho hayabatilishi saumu.

Dhibiti sukari na shinikizo la damu, na uache sigara. Ukiona ghafla vidoa vyeusi vinavyoelea, au kama pazia limeshuka, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tiba ya leza huzuia upofu, lakini aghalabu hairudishi nuru iliyokwishapotea.

Macho ni amana ya Mwenyezi Mungu, tuyatunze. Wabillahi tawfiq.