Kutoka Kipimo hadi Hitimisho: Somo la Takwimu katika Ziwa Tanganyika

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali palipo na kilindi kikubwa kabisa, na mwambao wake umegawanywa baina ya Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji, dagaa wa ziwa hili ni kitoweo, ni biashara na ni kazi. Swali la kama dagaa wanapungua, na kwa sababu gani, si la wataalamu peke yao. Mwaka 2024 uvuvi wa upande wa Tanzania ulisimamishwa kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Uamuzi wa namna hiyo humgusa mvuvi, mwanikaji na mchuuzi sokoni. Haufai kusimama juu ya tarakimu zilizosomwa vibaya.

Somo hili laeleza njia ya kutoka kipimo kilichoandikwa daftarini hadi hitimisho linaloweza kutegemewa.

1. Kipimo na mazingira yake

Mwanafunzi akiandika "nyuzi 25.5" na kuishia hapo, hajaandika habari yo yote. Ni lazima ijulikane kipimo kilichukuliwa wapi, kina gani, tarehe na saa gani, kwa chombo gani na kwa mkono wa nani. Maji ya juu ya ziwa hupata joto mchana na kupoa usiku. Kipimo cha saa nane mchana hakiwezi kulinganishwa na cha alfajiri.

Majira nayo yana nguvu zake. Kati ya mwezi wa Mei na Septemba pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu na kuyasukuma maji ya juu, yenye joto, kuelekea kaskazini. Huko kusini maji baridi ya chini, yenye virutubisho vingi, hupanda kushika nafasi yao. Pepo zinapotulia, tabaka la maji ya joto na tabaka la maji baridi hupembea kama maji katika karai lililotikiswa, na mpembeo huo huendelea kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo vipimo viwili vya Kigoma, vyote vya mita 60 chini, vyaweza kutofautiana sana kwa sababu ya mpembeo huo tu, hata kama ziwa zima halikuongezeka joto.

Kina chenyewe ni kipimo pia. Chombo kikiteremshwa kwa kamba ya mita 100 huku mashua ikichukuliwa na upepo, kamba hulala upande. Ikilala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima, chombo kipo mita 87 chini, wala si 100. Asiyepima pembe ya kamba ataandika joto sahihi katika kina kisicho sahihi.

2. Makosa ya aina mbili

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi amepima maji ya mahali pamoja mara tano, akapata 25.4, 25.6, 25.5, 25.3 na 25.7. Tarakimu hizi ni za zoezi tu. Jumla yake ni 127.5, ikigawanywa kwa 5, wastani ni 25.5.

Lakini wastani hausemi yote. Inapasa kuonyesha pia vipimo vimetawanyika kiasi gani. Tofauti ya kila kipimo na wastani ni -0.1, 0.1, 0, -0.2 na 0.2. Kila tofauti ikizidishwa kwa yenyewe na majibu yakajumlishwa, hupatikana 0.10. Jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya vipimo kasoro moja, yaani 4, na kutoa 0.025, kipeuo chake cha pili ni 0.16 hivi. Hicho ndicho kipimo cha mtawanyiko. Mtawanyiko huo ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 5, hupatikana 0.07, nayo ni mashaka yaliyobaki katika wastani wenyewe. Jibu huandikwa nyuzi 25.5, kwa mashaka ya 0.07 juu au chini. Kuandika 25.5000 ni kudai usahihi ambao chombo hakina.

Makosa yanayotawanyika hivi, mara juu mara chini, hupungua vipimo vikiwa vingi. Yapo makosa ya aina ya pili yasiyopungua. Kipimajoto hicho hicho kikitiwa katika maji yenye barafu inayoyeyuka na kuonyesha 0.3 badala ya sifuri, basi huenda vipimo vyote vitano vimezidi kwa 0.3, na joto la kweli ni karibu na 25.2. Hata angepima mara elfu, kosa hilo lingebaki vile vile. Dawa yake si kurudia, bali ni kukilinganisha chombo na kipimo kinachoaminika, na kuandika matokeo ya ulinganisho huo daftarini.

Jambo hili si dogo katika Ziwa Tanganyika. Badiliko la joto katika vilindi vyake kwa muda wa miongo mingi ni la sehemu chache tu za kumi za nyuzi moja. Chombo chenye kosa la 0.3 chaweza kulificha badiliko lote, au kulizua pasipokuwapo.

3. Kulinganisha vinavyolingana

Takwimu za samaki zina mitego yake. Ichukuliwe, kwa zoezi tena, kwamba katika mwalo mmoja mwaka wa kwanza zilipatikana kilo 10,000 za dagaa, na mwaka wa pili kilo 12,000. Asomaye haraka atasema dagaa wameongezeka. Lakini ikiwa mwaka wa kwanza mashua zilitoka mara 200, na mwaka wa pili mara 400, basi kila safari ya usiku mmoja ilileta kilo 50 hapo mwanzo na kilo 30 baadaye. Jumla imepanda kwa asilimia 20, huku pato la kila safari likishuka kwa asilimia 40.

Hata hesabu hiyo haitoshi. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mbalamwezi inapong'aa, taa hupungukiwa na nguvu ya kuwakusanya. Takwimu za usiku wa giza zikilinganishwa na za mwezi mpevu, kinachopimwa ni mwezi, si samaki. Vivyo hivyo, taa zikiwa kali zaidi au nyavu zikiwa kubwa zaidi, safari ya leo si sawa na safari ya zamani. Ni lazima karani wa mwalo aandike mambo hayo yote kando ya uzito wa samaki.

4. Kwenda pamoja si kusababishana

Mwaka 2003 makundi mawili ya wanasayansi, moja likiongozwa na Catherine O'Reilly na jingine na Piet Verburg, yalitangaza kwamba ziwa limepata joto tangu mwanzo wa karne ya 20. Hoja yao ilikuwa hii: maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi zaidi, na upepo hushindwa kuyachanganya na maji ya chini, virutubisho hubaki kilindini, mimea midogo ya majini hupungua, na chakula cha dagaa pamoja nayo. O'Reilly na wenzake, wakitumia pia kaboni iliyohifadhiwa katika tope la chini ya ziwa, walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea hiyo umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo laweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi.

Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake walitoa hoja nyingine: takwimu za samaki wanaovuliwa huonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya hali ya hewa. Joto limepanda na samaki wameshuka, lakini katika miaka hiyo hiyo vyombo na idadi ya wavuvi vilibadilika pia.

Mzozo kama huo hautatuliwi kwa kurudia kuzisoma takwimu zile zile. Hutafutwa ushahidi usiotegemea nyavu. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walieleza matokeo ya kuhesabu mabaki ya samaki katika matabaka ya tope yaliyochimbwa ziwani. Mabaki hayo yalianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza katikati ya karne ya 20. Ushahidi huo waonyesha kwamba joto lina sehemu yake; hauonyeshi kwamba uvuvi wa kupita kiasi hauna madhara. Sababu mbili zaweza kufanya kazi pamoja, na ziwa linalozalisha kidogo huhitaji kuvuliwa kwa uangalifu zaidi.

5. Kuandika hitimisho

Hitimisho jema hutenganisha mambo matatu: kilichopimwa, kilichokokotolewa, na kinachodhaniwa. Hutaja mashaka ya kila tarakimu. Hutaja sababu nyingine zinazoweza kuleta matokeo yale yale, na kueleza ni kipimo gani kingeweza kuamua kati yake. Kipimo kisichopatana na vingine hakifutwi kwa kuwa kinaudhi; huachwa daftarini, na hukataliwa tu ikiwa sababu yake imejulikana na kuandikwa.

Maswali

1. Kipimajoto kilichoonyesha 0.2 katika barafu inayoyeyuka kilisoma 26.1, 26.3, 26.2 na 26.2. Tafuta wastani, kisha usahihishe.

2. Mwalo mmoja ulipata kilo 9,000 kwa safari 150, na mwaka uliofuata kilo 9,600 kwa safari 240. Eleza kilichobadilika, na utaje mambo mawili ya kuuliza kabla ya kusema dagaa wamepungua.

3. Kwa nini mabaki ya samaki katika tope ni shahidi wa namna tofauti na daftari la mwalo?