Vazi la Kilti na Jinsi Nilivyolivaa

Muhula huu picha yangu moja ilianguka kutoka katika kitabu changu cha Jiografia, ikazunguka Kidato cha Pili kabla ya kurudi mezani kwangu. Walioiona walicheka sana, na mmoja aliuliza kwa nini Mwalimu amevaa sketi. Mhariri ameniomba nijibu, basi najibu.

Vazi lile si sketi, bali ni kilti, vazi la wanaume wa Uskoti, nchi iliyo kaskazini mwa kisiwa cha Britania. Nalilivaa mwaka 2016, nilipokuwa nikisoma mjini Edinburgh, siku ya arusi ya mwanafunzi mwenzangu. Lilikuwa la kukodi, kwa kuwa bei ya kulinunua ilinishinda.

Kilti nzuri hushonwa kwa kitambaa cha sufu chenye miraba ya rangi, kiitwacho tartani. Huhitaji kama yadi 8, yaani zaidi kidogo ya mita 7. Msuli wa pwani hauhitaji zaidi ya yadi 2 au 3, basi hizo nyingine huenda wapi? Zote hukunjwa nyuma kuwa marinda, moja juu ya jingine, na mshonaji hodari hupanga miraba isipotee katika mikunjo. Mbele ni bapa, pande mbili zikilaliana, na vikanda vya ngozi hufunga kiunoni. Urefu wake hukoma katikati ya goti. Kwa kuwa haina mifuko, mvaaji huning'iniza mbele mkoba wa ngozi uitwao sporani, na humo nalitia ufunguo, fedha na peremende. Soksi ndefu za sufu hufika chini ya goti. Kuhusu kinachovaliwa ndani, swali ambalo kila mtu huliuliza, mimi nalivaa kaptura, na asiyeridhika na jibu hilo na aende kwa mwalimu wa zamu.

Hapo kale Waskoti wa milimani walivaa shuka moja kubwa, wakaikunja na kuifunga kwa mkanda, sehemu ya juu wakaitupa begani. Usiku ikawa blanketi. Kilti fupi ya leo ilitokana na hiyo katika karne ya 18. Mwezi wa Aprili 1746 wafuasi wa Prince Charles Edward Stuart walishindwa vitani mahali paitwapo Culloden, na wengi wao walikuwa watu wa milimani. Mwaka uleule serikali ya London ikatunga sheria ya kukataza vazi lao. Mwanamume au mvulana aliyeonekana nalo alifungwa miezi 6, na akirudia alipelekwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme tu ndio walioruhusiwa. Fikirini, watoto, kufungwa kwa sababu ya nguo! Sheria ile ilifutwa mwaka 1782, miaka 36 baadaye. Kisha mwaka 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, naye mwenyewe akavaa kilti, na soksi za rangi ya ngozi kufunika miguu yake. Hivyo vazi la wachungaji likawa vazi la wakuu, hata watu wa mijini ambao mababu zao walilidharau wakalitaka.

Sasa nirudi kwenye siku yangu. Nalitoka chumbani nikiwa na haya, nikashika njia ya Princes Street, chini ya ngome. Nalidhani nitaona baridi, lakini sufu ile nzito ilinipa joto kiunoni huku miguu ikiwa huru, na kila hatua marinda yalicheza nyuma yangu kama mkia wa jogoo. Upepo wa Edinburgh si wa mchezo, ila uzito wa kitambaa ulinistahi. Kwenye kituo cha basi bibi mmoja mzee alinitazama juu hata chini, akaja, akaniambia pini yangu imekaa upande usio wake. Akaihamisha mwenyewe kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, akanipapasa begani na kwenda zake. Wageni wawili waliomba kupiga picha nami. Dereva alipiga honi, akainua dole gumba. Nakiri, nilipenda kutazamwa. Nilipofika kanisani nilikuwa nikitembea polepole makusudi.

Ndipo nilipomkumbuka baba yangu, na raha ikaniishia kidogo.

Baba ni mvuvi wa Pangani, na tangu utoto wangu namjua kwa msuli, shati na kofia. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza, katika shule ya bweni ya bara, alikuja kunitazama akiwa na msuli wake. Wavulana walicheka, wakaniambia baba yako amevaa sketi. Likizo ilipofika nilimwomba akija tena avae suruali. Hakuniuliza sababu. Mwaka uliofuata alikuja na suruali ya kuazima, pana kiunoni, akawa anaishika kwa mkono mmoja siku nzima, hata alipokuwa akisalimiana na mwalimu mkuu. Wala hatukupata kulizungumza jambo lile.

Kutoka arusini nilituma picha ile kwenye simu ya dada yangu. Usiku Baba alinipigia.

"Mwanangu, na hilo unaweza kuketi vizuri?"

Nikamweleza kwamba kwanza unayalaza marinda kwa mikono miwili, ndipo unaketi, na mkoba unaangukia katikati ya mapaja.

"Linabana?"

"Halibani, Baba."

"Na wale wenzako wa shule, wamekuona?"

Nilishindwa kumjibu. Yeye akacheka, akauliza habari za chakula.

Niliporudi nyumbani nilimletea yadi 2 za tartani. Aliipima kiunoni mbele ya majirani, akasema ina joto mno kwa Pangani, akaitandika juu ya kiti chake cha barazani. Ipo hapo hata leo, na mgeni akitaka kuikalia huambiwa asubiri kwanza ikunjwe.