Vyombo vya Mwenye Kuanza Kupiga Picha za Dijitali



Wengi wenu mmetuuliza ni kamera gani imfaayo mtu anayeanza kupiga picha. Twaona heri tulijibu swali hili kwa wote, maana tumewaona watu wakitoa fedha ya karafuu za msimu mzima kununua kamera moja kubwa, kisha picha zao zikatoka zimetikisika, au zikapotea. Kamera ni chombo kimoja tu katika vyombo kadhaa, wala si lazima kiwe ndicho cha ghali.

Picha ina kazi kwa mkulima. Mkarafuu ulioshikwa na ugonjwa wa kufa ghafla hupauka na kupukutisha majani kidogo kidogo. Kisha majani yaliyobaki hunyauka na kugeuka rangi ya hudhurungi kwa siku chache tu. Bwana Shamba akifika baadaye, aona mti uliokauka, wala haoni tena dalili za mwanzo. Picha ya siku ile ya kwanza ndiyo shahidi, na siku ile hairudi. Kwa hivyo vyombo vyetu vyatakiwa viwe tayari, na picha zikishapigwa zisipotee.

1. Kamera. Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Marekani. Uzito wake ulikuwa kama kilo 3.6, na picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu. Leo simu nyingi za mkononi hupiga picha za nukta milioni 12 au zaidi. Picha ya kuchapwa ya sentimeta 10 kwa 15 yatosheka na nukta kama milioni 2, na ya ukubwa wa karatasi ya A4 yahitaji kama milioni 9. Basi mwenye simu nzuri aanze na simu yake. Akitaka kamera ya kubadilisha lenzi, anunue hata iliyokwisha tumika, pamoja na lenzi nyepesi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8. Lenzi hiyo si ghali kama nyingine, na huingiza mwanga mwingi.

2. Stendi ya miguu mitatu. Chini ya mikarafuu mwanga ni mchache. Mwanga ukipungua, kamera huacha jicho lake wazi kwa muda mrefu zaidi, na mkono ukitikisika kidogo picha huvurugika. Kanuni ya wapiga picha ni hii: ukitumia lenzi ya milimita 50 kwa kamera ya mkononi, muda usizidi sehemu 1 ya 50 ya sekunde. Ukizidi hapo, weka kamera juu ya stendi. Asiye na stendi atie mchanga katika mfuko wa nguo, aufunge, na aiegemeze kamera juu yake. Kisha atumie saa ya kamera ijipige yenyewe baada ya sekunde 2, ili kidole kisiitikise.

3. Karatasi nyeupe na rula. Hivi ni vyombo vya bei ndogo kuliko vyote, na ndivyo visahauliwavyo. Ukipiga picha ya jani lenye doa au karafuu zilizokauka, weka chini karatasi nyeupe, na kando yake rula. Rula huonyesha ukubwa. Karatasi humsaidia mtazamaji kujua rangi ya kweli, maana taa ya ndani yaweza kuifanya karafuu ionekane ya manjano. Afadhali upige kibarazani penye kivuli, mchana. Jua kali la saa sita huleta vivuli vyeusi na kuficha mambo.

4. Betri na kadi. Uwe na betri mbili, moja ndani ya kamera na moja mfukoni, imejaa. Mwenye simu awe na betri ya akiba ya kuchajia. Kadi ya gigabaiti 32 huweza kuchukua picha kama 6,000, ikiwa kila picha ni megabaiti 5. Kadi mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa, kwani ikiharibika moja, hupotezi vyote. Jihadharini na kadi za bandia, ambazo huandikwa nafasi kubwa kuliko iliyomo. Kadi mpya ijaribuni kwanza kwa kuijaza nyumbani.

5. Sanduku kavu. Visiwani kwetu unyevu ni adui wa lenzi. Ukungu huota ndani ya kioo, nao ukishaota si rahisi kuutoa. Usiiweke kamera katika mkoba wa ngozi kabatini, kwa sababu ngozi hushika unyevu. Itie katika sanduku la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vinavyofyonza unyevu. Vumbi lipulizwe kwanza kwa mpira wa kupulizia, ndipo kioo kifutwe kwa kitambaa laini. Usifute kwa ncha ya kanzu wala shati. Chembe ya mchanga hukwaruza kioo.

6. Mahali pa kuweka nakala. Hili twalisema kwa uchungu. Mwaka mmoja tulipiga picha za kitalu chetu, tangu kupanda mbegu mpaka kutoa miche, na zote tukaziacha katika kadi moja. Kadi ikaharibika, na kazi ya miezi mingi ikapotea. Miche haikurudi kuwa midogo ili tuipige tena. Tangu hapo, kila picha twaiweka mahali pawili: katika kompyuta, na katika diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Kadi haifutwi mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kutazamwa. Akiba haiozi, lakini ni kwa aliyeiweka vizuri.

Basi mwenye fedha kidogo afuate mpango huu: atumie simu aliyo nayo, anunue stendi, betri na kadi, kisha diski na sanduku. Kamera kubwa aifikirie baada ya mwaka, akishajua ni kitu gani simu yake haikuweza kumfanyia.

Zoezi. Chagua mkarafuu mmoja shambani mwako. Upige picha tatu: mti mzima, tawi moja, na jani moja juu ya karatasi pamoja na rula. Andika tarehe na mahali mti ulipo. Rudia kila mwezi, ukisimama pale pale. Siku mti huo utakapougua, utakuwa na la kumwonyesha Bwana Shamba.