Maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi

Dada yangu wa Kahama,

Miaka minne ya kuamka umechoka kuliko ulivyolala, sweta mchana wa jua kali, hedhi imepotea, na mama mkwe ameshasema umerogwa. Lakini lililonishtua umeliandika mwishoni kabisa, kama jambo la kupita: ulipojifungua ulivuja damu mpaka ukapoteza fahamu, ukaongezewa damu, na mtoto hakuonja maziwa yako.

Kwa daktari anzia hapo. Chini ya ubongo kuna tezi iitwayo pituitari, ndogo kama punje ya njegere, inayoziamrisha tezi nyingine za homoni. Wakati wa ujauzito hukua na kuhitaji damu zaidi. Mzazi akivuja damu nyingi na presha ikaporomoka, sehemu ya tezi hiyo inaweza kufa. Harold Sheehan, akiwa Glasgow, alilieleza tatizo hili mwaka 1937, nalo likapewa jina lake. Maziwa kutotoka mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Nyingine huja polepole, na wengi hukaa miaka wakitibiwa upungufu wa damu au wakiambiwa ni mawazo tu. Nywele za kwapani na za sehemu za siri je, zimepungua? Hukuandika, na si ajabu, ila daktari mwambie.

Unasema ulipimwa thairoidi ukaambiwa ni nzima. Nadhani ilipimwa TSH peke yake. TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi, hutengenezwa na pituitari yenyewe, kwa hiyo pituitari ikiharibika jibu laweza kuonekana la kawaida huku mwili umeishiwa thairoksini (T4), homoni ya thairoidi. Omba T4 huru ipimwe pamoja nayo. Kubwa zaidi ni homoni ya kotisoli, damu ichukuliwe saa mbili asubuhi. Halafu prolaktini, FSH, LH, sodiamu na sukari. MRI ya kichwa itafuata. Usikae nyumbani ukidunduliza pesa za MRI wakati damu haijapimwa! Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, hospitali ya rufaa, anaweza kuianza kazi hii.

Usikubali kuanzishiwa dawa ya thairoidi kabla kotisoli haijajulikana. Ikiwa pungufu, haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, hutangulia. Thairoksini ikitangulia inaweza kukuangusha vibaya. Dawa hizi ni za maisha, lakini nguvu hurudi.

Kuhusu kuzaa tena, wapo wanaofanikiwa kwa msaada wa daktari wa uzazi. Kwanza matibabu yakae sawa.

Mama mkwe usigombane naye. Umesema ndiye aliyekuwa nawe usiku ule. Mwombe akusindikize, ayaeleze uliyoyakosa ukiwa umezimia.

Na ukitapika mfululizo, ukazimia au ukashikwa na homa kali kabla hujamwona daktari huyo, usingoje miadi. Nenda kitengo cha dharura siku hiyohiyo, useme unashukiwa kupungukiwa kotisoli.