Dirisha halifungi? Usikimbilie kubadilisha dirisha zima: somo kwa fundi na mwenye duka la vifaa

Leo tuongelee kazi ambayo tunaiona kila siku na tunaipita: kubadilisha vishikio, loki, komeo, bawaba na vigurudumu vya madirisha yaliyochoka. Mtaji wake ni mdogo, vifaa vinaingia kwenye begi moja, na wateja wako mtaani kwako. Mimi nina duka dogo la vifaa vya ujenzi hapa Kibaoni, Mpimbwe, na kazi ya kufunga naifanya mwenyewe. Haya ninayoandika ndiyo ninayofanya.

KWANINI KAZI HII IPO

Nyumba za zamani zina madirisha ya mbao au ya chuma. Nyumba mpya nyingi zinawekwa alumini, yale ya kuteleza. Yote yanachoka, ila kinachochoka kwanza sio kioo wala fremu. Ni vile vyuma vidogo vinavyoshikwa kila asubuhi na kila jioni. Ongeza vumbi la barabara kipindi cha kiangazi, halafu mvua za Novemba mpaka Aprili, utaelewa kwanini loki zinakufa mapema.

Sasa dirisha lisilofunga sio aibu tu mbele ya wageni. Mwizi analiona kabla yako. Mbu wanapita. Na huku kwetu chumba kimoja mara nyingi ndicho stoo: magunia ya mpunga, mahindi, karanga. Mvua ikipiga gunia la mahindi au karanga, unyevu unaleta ukungu, na kwenye ukungu ndiko sumukuvu inakotokea. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Kwa hiyo ukibadilisha loki ya bei ndogo, unaweza kuwa umelinda chakula cha familia na mtaji wa mtu wa msimu mzima.

1. TAFUTA UGONJWA KABLA YA KUUZA DAWA

Mteja atakwambia "loki imekufa". Usikubali wala usikatae. Kagua.

Loki haishiki kwenye dirisha la kuteleza: shika kile kipande kinachotembea, kinyanyue kidogo kwa mikono, halafu jaribu kufunga. Ikishika, loki ni nzima. Vigurudumu vya chini vimelika, dirisha limeshuka, ulimi wa loki haukutani tena na tundu lake. Hapo ukiuza loki mpya, mteja atarudi kesho na hasira.

Kishikio kinazunguka bure: angalia skrubu kwanza. Zikiwa zimekaza na bado kinazunguka, basi ule mhimili wa ndani umelika kona zake. Hicho ni cha kubadilisha.

Dirisha la kufungua kwa nje linagusa kona moja: bawaba imelegea au imeinama. Kishikio hakihusiki.

Maji yanaingia ndani hata likiwa limefungwa: angalia reli ya chini. Madirisha ya alumini yana vitundu vidogo vya kutolea maji nje. Vumbi likiviziba, maji yanajaa kwenye reli na kumwagika ndani. Vizibue kwa waya mwembamba, safisha reli kwa brashi. Halafu angalia raba inayobana kioo, kama imekauka na kupasuka, badilisha.

Fremu yenyewe imepinda: chukua tepu, pima kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, halafu ile nyingine. Vipimo viwili vikitofautiana sana, fremu haiko mraba, pengine ukuta umeshuka. Mwambie mteja ukweli kwamba hapo kishikio hakitasaidia. Utakosa hela ya leo lakini jina lako litabaki.

2. PIMA VIZURI, USIKISIE

Vishikio vya dirisha vinafanana kwa macho ila havifanani kwa vipimo. Ukitoka hapa kwenda Mpanda mjini kununua, unapita Sitalike na hifadhi ya Katavi, njia sio fupi. Ukirudi na kifaa kisichoingia, nauli imekwenda. Kwa hiyo:

- Fungua kile cha zamani, nenda nacho. Hata kikiwa kimevunjika, beba vipande vyote.
- Kama haiwezekani kukitoa, piga picha tatu: mbele, nyuma na pembeni, ukiwa umeweka tepu kando yake.
- Pima umbali kati ya tundu la skrubu na jingine, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kwa milimita. Hiki ndicho kipimo kinachokosewa sana. Tofauti ya milimita tatu tu inakulazimisha kutoboa upya.
- Kama kina mhimili unaoingia ndani, pima unene na urefu wake.
- Andika kama ni cha kushoto au cha kulia. Simama ndani ya nyumba ukiangalia dirisha, ndipo useme.
- Kwa vigurudumu, pima upana wa gurudumu na upana wa kile kiboksi kinachoingia kwenye fremu.
- Hesabu madirisha yote ya nyumba. Loki ya sebuleni ikichoka, ya chumbani haiko mbali.

3. KUFUNGA

Vifaa vyangu: bisibisi ya nyota na ya bapa, koleo, tepu, nyundo ndogo, drili na biti zake, brashi, kitambaa na mshumaa. Ndiyo, mshumaa. Nitaeleza.

Dirisha la kuteleza, usilitoe peke yako. Muite mtu mmoja. Linyanyue juu mpaka liingie kwenye reli ya juu, vuta upande wa chini kuja kwako, halafu lishushe. Kuna mengine yana kizuizi cha kulizuia lisitolewe kutokea nje, kitafute na ulegeze kwanza. Vaa viatu vya kufunika miguu. Lilaze juu ya godoro au magunia matupu, sio kwenye sakafu.

Skrubu za alumini zinunue za chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikikaa na alumini kwenye unyevu, kutu na kulika vinakuja haraka, na siku ya kufungua skrubu inakatika. Usiongeze urefu wa skrubu ovyo: ikizidi inaweza kugusa kioo au kuzuia dirisha kutembea. Weka ya zamani na mpya sambamba, linganisha.

Tundu limelegea? Kwenye mbao, jaza njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zikate usawa, acha ikauke, kisha funga skrubu ile ile. Kwenye alumini, tumia skrubu nene kidogo zaidi kama kifaa kinaruhusu. Usikaze kwa nguvu zote, alumini ni laini, nyuzi zake zinaliwa haraka.

Funga skrubu zote nusu kwanza. Jaribu kufunga na kufungua mara kadhaa. Likikubali, ndipo ukaze.

Sasa mshumaa. Watu wengi wanapaka grisi kwenye reli. Siku mbili za kwanza linateleza kama limepakwa samli, wiki ya tatu vumbi limeganda kwenye grisi na dirisha limekwama kabisa. Safisha reli, ikauke, halafu sugua mshumaa mkavu. Vumbi halishiki sana. Grisi au tone la mafuta weka kwenye bawaba za chuma tu, na ufute linalobaki.

4. BEI: HAPA NDIPO WENGI TUNAPOLIA

Nitumie mfano, namba ni za kuelekeza tu. Tuseme umenunua vishikio 10 kwa shilingi 4,000 kila kimoja, jumla 40,000. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mzigo ni 20,000. Kila kishikio kimebeba 2,000 ya nauli. Kwa hiyo kimekugharimu 6,000, sio 4,000. Ukikiuza 6,500 ukidhani umepata 2,500, ukweli umepata 500.

Safari ile ile ungenunua mzigo wa 200,000, nauli ya 20,000 ingekuwa asilimia 10 tu ya mzigo. Kishikio kile kile kingekugharimu 4,400. Umeona tofauti? Ndiyo maana mimi sisafiri kwa oda moja. Nakusanya oda, nachukua malipo ya awali yanayotosha kununulia kifaa, namwambia mteja siku nitakayorudi, na siku hiyo nafika.

Bei ya kifaa na bei ya ufundi ziandike tofauti kwenye karatasi. Mteja akiona anajua analipia nini, na wewe unajua duka limepata ngapi na mikono yako imepata ngapi. Kile kifaa cha zamani mrudishie mwenye nyumba, ni mali yake.

5. MFANO WA MTEJA MMOJA

Kuna mama mmoja anauza mchele, chumba cha mbele ndicho stoo yake. Dirisha la alumini lilikuwa halifungi. Nilipofika nikamwamkia, akanijibu marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, nimeambiwa dirisha zima linabadilishwa. Hela yenyewe ndiyo hii ya kununulia mpunga."

Nikamwambia, "Mama, hela yako usiiguse kwanza. Tuangalie."

Nilinyanyua dirisha kwa mikono, loki ikashika. Vigurudumu viwili vilikuwa vimelika mpaka vikawa na pembe, na vitundu vya maji vyote vimeziba. Nikabadilisha vigurudumu, nikazibua vitundu, nikasugua mshumaa. Loki sikuigusa. Akalipa kidogo, mpunga wake akanunua. Faida yangu siku ile ilikuwa ndogo, lakini kabla mwezi haujaisha wateja watatu walikuja wakisema wametumwa na yeye. Mmoja alikuwa na nyumba ya vyumba sita.

6. MSIMU NA STOO

Hela kijijini inapatikana baada ya mavuno. Mvua inaanza Novemba. Kwa hiyo miezi ya katikati ndiyo ya kupita nyumba kwa nyumba: "Mama, baba, naomba nikague madirisha kabla ya mvua." Kukagua ni bure, dakika kumi zinatosha.

Dukani usijaze kila aina. Kwa miezi mitatu andika kwenye daftari kila kifaa kinachoulizwa, hata kama huna. Vile vilivyoulizwa mara nyingi ndivyo vya kuweka. Kwa kuanzia, komeo na bawaba za mbao, skrubu za saizi mbalimbali, vigurudumu na loki za aina mbili tatu zinazotumika sana mtaani kwako vinatosha.

KAZI YA NYUMBANI

Leo jioni anza na nyumba yako. Funga kila dirisha, nyanyua, sukuma, angalia vitundu vya maji. Andika kinachohitajika chumba kwa chumba. Hiyo orodha ndiyo mazoezi yako ya kwanza ya ukaguzi, na ukiitengeneza nyumba yako, jirani akiingia utakuwa na cha kumuonyesha.

Mwenye swali aulize, tutajibizana. Kazi njema.