Ripoti ya bei inapokwama: lumbesa ndani ya kompyuta

Gunia la viazi kutoka mashamba ya Njombe lina ugomvi wake unaojulikana. Shambani huitwa gunia hata kama limeongezewa kilemba hadi kuwa lumbesa. Ghalani, anayelipa akisikia gunia anawaza kilo 100. Jina ni moja, mzigo ni mwingine, na kelele huanza wakati wa kulipana.

Ndani ya kompyuta kuna ugomvi wa namna hiyo hiyo, na wafanyabiashara wanaoanza kuunganisha kumbukumbu zao na programu za kuchambua data nyingi hukutana nao mapema. Mafundi huuita mgongano wa matoleo. Somo la wiki hii linaeleza unatoka wapi na unatatuliwaje, kwa sababu anayebeba gharama ya kukwama ni mwenye mtaji, si fundi.

Chukulia kampuni ndogo ya ununuzi yenye mawakala Lupembe kwa mananasi na parachichi, Njombe mjini kwa viazi, na ghala la mahindi Makambako, pale barabara ya Songea inapoungana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Kila mzigo unaopimwa huandikwa kwenye hifadhidata: tarehe, kijiji, zao, kilo na bei. Hifadhidata ni PostgreSQL, ambayo hupatikana bila kulipia leseni. Baadaye wanahisa wanataka ripoti ya kila alfajiri, kabla ya magari kuondoka, inayolinganisha bei za vituo vyote kwa miaka kadhaa. Fundi anashauri Apache Spark, programu iliyoanza mwaka 2009 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambayo huigawa kazi kubwa vipande vipande ili kompyuta nyingi ziifanye kwa pamoja.

Kwenye kompyuta ya fundi ripoti inatoka bila matata. Kwenye seva ya kampuni inakufa baada ya sekunde chache. Data ni ile ile, nywila ni sahihi na mtandao haujakatika.

KOSA LINATOKA WAPI

Spark ikitaka kuzungumza na hifadhidata huhitaji draiva au kiunganishi. Kiunganishi nacho hutegemea maktaba nyingine, yaani vifurushi vya programu vilivyoandikwa na watu wengine, na vifurushi hivyo vina tegemezi zake. Spark inafanya kazi ndani ya mazingira ya Java, ambayo kwa kawaida hutafuta kipande cha programu kwa jina na kuchukua cha kwanza kinachopatikana. Kikishapakiwa, hakitafutwi kingine cha jina hilo. Ikiwa Spark imekuja na toleo la zamani la maktaba na kiunganishi kinataka toleo jipya, kiunganishi kitakabidhiwa la zamani na kuambiwa kifanye nalo kazi.

Mfano mashuhuri ni Guava, maktaba iliyotolewa na Google. Hadoop, mtambo uliotangulia Spark, ulidumu miaka mingi na Guava 11.0.2. Spark yenyewe ilibaki muda mrefu na 14.0.1. Draiva ya hifadhidata ya Cassandra ikafika mahali ikataka 16.0.1 au zaidi. Wote watatu walisema Guava, kila mmoja akiwa na mzigo wake kichwani, na kazi nyingi za watu zilisimama duniani kote kwa sababu hiyo.

Ndiyo maana ripoti ilitoka kwenye kompyuta ya fundi. Huko, maktaba alizozichagua mwenyewe ndizo zilizokuwa mbele ya foleni. Kwenye seva, maktaba zinazokuja na Spark ndizo zinazotangulia, na zile za fundi zikifika zinakuta nafasi imeshachukuliwa.

Kuna mgongano wa pili ulio rahisi zaidi kuuona, lakini huwapotezea watu siku nzima. Spark imeandikwa kwa lugha ya Scala, na kifurushi kilichotengenezwa kwa Scala 2.12 hakikubaliani na Spark iliyotengenezwa kwa 2.13. Viunganishi vingi vya Spark huandikwa namba hiyo mwishoni mwa jina, mfano _2.12. Ni sawa na skrubu: tofauti ya uzi haionekani kwa mbali, lakini nati haiingii.

KUSOMA KILIO CHA MASHINE

Fundi mzoefu hasomi maandishi yote yanayomwagika kwenye skrini. Hushuka hadi kwenye mstari wa mwisho unaoanza na maneno "Caused by", kwa kuwa chanzo halisi kwa kawaida kimeandikwa hapo.

Akikuta "ClassNotFoundException", kifurushi kinachotakiwa hakikufikishwa kwenye seva, au kimefikishwa kwenye kompyuta moja tu kati ya zinazofanya kazi. Akikuta "No suitable driver", draiva ya hifadhidata haikuonekana au anwani ya hifadhidata imekosewa. Tiba yake mara nyingi ni kutaja jina la draiva waziwazi na kuhakikisha faili lake linasafirishwa pamoja na kazi. Haya mawili si mgongano, ni upungufu, na hayastahili kuchukua zaidi ya asubuhi moja.

Akikuta "NoSuchMethodError", hapo ndipo penye lumbesa. Kifurushi kipo na jina ni sahihi, lakini toleo lake halina kifaa kilichotarajiwa ndani. Kuongeza faili jingine kwa kubahatisha huzidisha fujo. Wapo mafundi wanaopakua mafaili kumi na kuyarundika kwenye folda moja, na mteja akiona wanatoka jasho anadhani kazi inakwenda. Haiendi.

Njia ya uhakika ni kwanza kuchora mti wa tegemezi. Kwa wanaotumia Maven, amri ya "mvn dependency:tree" huonyesha kila maktaba, toleo lake, na nani aliyeileta. Kisha mti huo unalinganishwa na folda ya "jars" ya Spark iliyoko kwenye seva, si ile ya kwenye kompyuta ya fundi. Maktaba yenye matoleo mawili itaonekana.

Tiba zina ngazi. Ya kwanza na nafuu kuliko zote ni kuchagua toleo la kiunganishi ambalo watengenezaji wake wametamka kwamba linakwenda na Spark iliyopo. Ya pili ni kuondoa toleo lisilotakiwa kwenye kifurushi, na kutoifunga Spark yenyewe ndani ya kifurushi hicho, kwa kuwa seva tayari inayo. Ikishindikana, maktaba yenye ugomvi hubadilishwa jina ndani ya kifurushi, ili kiunganishi kitumie nakala yake na Spark itumie ya kwake. Watengenezaji wa kiunganishi cha Cassandra waliitumia njia hii kumaliza ugomvi wa Guava. Upo pia mpangilio wa kuilazimisha Spark itangulize maktaba za mtumiaji, lakini unaweza kuiharibu Spark yenyewe. Uwe wa mwisho.

HESABU YA MWENYE MTAJI

Kampuni iliyokopa Sh milioni 60 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka ili kununua mahindi inalipa karibu Sh 29,600 kwa siku, mahindi yaingie yasiingie. Ripoti ikikwama siku 10 katikati ya msimu na meneja akasita kununua, takriban Sh 296,000 zimekwenda kwa riba peke yake, mbali na magari yaliyolala.

Kabla ya kufika huko kuna swali ambalo mafundi wengi hawapendi kuulizwa: je, Spark inahitajika? Mawakala 30 wakipima mizigo 20 kila mmoja kwa siku 300, hiyo ni mistari 180,000 kwa mwaka, au 900,000 kwa miaka mitano. PostgreSQL peke yake, kwenye kompyuta moja ya kawaida, huujumlisha mzigo huo bila shida. Benki na kampuni za simu ndizo zenye data ya kuhitaji mitambo ya Spark. Kampuni nyingi za ununuzi za Makambako bado ziko mbali na kiwango hicho, na fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye mizani.

Kwa yule ambaye kweli anaihitaji, mkataba utaje matoleo ya Java, Spark, Scala na draiva kwa namba, na malipo ya mwisho yasubiri ripoti itoke kwenye seva ya kampuni. Namba hizo hazibaki pale pale. Spark 4.0, iliyotolewa Mei 2025, iliacha kabisa Scala 2.12 na inataka Java 17 au zaidi, hivyo kila kiunganishi chenye _2.12 mwishoni mwa jina hakiingii humo. Mwenye mfumo wa zamani anayetaka kuhama afanye majaribio pembeni, mfumo wa zamani ukiendelea kutoa ripoti, na amalize kabla mahindi mapya hayajaanza kuingia ghalani.